Mwambie Bibi Tupo Nyumbani

Simu iliita nikiwa nimebeba skii za watoto begani, zile mbao za kutelezea thelujini, glovu nimeing'ata mdomoni. Mama. Na si simu ya kawaida, ni video.

Theluji ilikuwa mbele, nyuma, kushoto na kulia, na juu yake mlima umesimama kama jino. Nikakimbilia kibanda cha kuhifadhia vifaa. Kilikuwa na ukuta wa mbao, mahali pekee ambapo kamera isingeona kitu cheupe. Nikamvuta kitindamimba wangu, miaka sita, nikamsimamisha mbele ya ukuta, nikamnong'oneza.

"Mwambie Bibi tupo nyumbani."

Akanitazama. Mtoto akikutazama vile, anakupa nafasi ya kufuta kauli.

Sikuifuta.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Tupo nyumbani."

"Mbona kichwa kimefungwa?"

Alikuwa amevaa helmeti. Nilifikiria kila kitu isipokuwa helmeti. Nikachukua simu, nikasema mtandao unasumbua, Mama tutakupigia jioni, nikakata.

Jioni hatukupiga.

Hiyo ilikuwa tarehe 3 Januari. Leo tuko katikati ya Februari, na jambo hili bado limenikaa kooni kama mwiba wa perege.

## Desemba ya kwetu

Wasomaji wangu wa Kaskazini ya Tanzania wanajua Desemba ni nini, sitapoteza muda. Mchaga anaweza kukosa harusi ya rafiki, anaweza hata kuchelewa kazini, lakini tarehe 24 awe amefika kihambani, kwenye shamba la ukoo. Mama yangu yuko Marangu, chini ya Kilimanjaro. Kila mwaka anafuga mbuzi mmoja kwa jina letu, na kila mwaka tusipokwenda mbuzi yule analiwa na watu wengine, na picha tunatumiwa.

Mwaka huu tiketi za watu wanne kutoka Stuttgart hadi uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, KIA, zilipita euro 5,000. Nikampigia Mama nikamwambia mwaka huu nauli hatuna. Ilikuwa kweli kabisa.

Wiki mbili baadaye mfanyakazi mwenzake Baba Watoto akavunja safari. Alikuwa amelipia chumba na jiko dogo chini ya Seiser Alm, kaskazini ya Italia, mkewe akavunjika mkono. Akatuachia kwa nusu bei. Watoto shuleni walikuwa wameanza kuulizwa kama wanajua kuteleza kwenye skii. Huku kwetu kusini ya Ujerumani mtoto asiyejua skii ni kama mtoto wa Pemba asiyejua kuogelea. Tukakubali.

Kwa hiyo nauli ya kwenda kwa Mama haikuwepo, ila ya kwenda kuteleza ilikuwepo. Jaribu kuiandika sentensi hiyo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mimi nilijaribu mara tatu, nikafuta mara tatu.

## Njiani

Baba Watoto ni mtu wa Tanga, na baridi kwake ni tusi. Alivaa suruali mbili kuanzia Stuttgart, ndani ya treni yenye joto, akakaa nazo Munich, akakaa nazo mpaka Innsbruck.

Innsbruck treni ilisimama dakika chache tu, lakini mimi niligandisha pua kwenye kioo. Hapo ndipo alipozaliwa Ludwig Purtscheller. Tuliosoma Marangu tulikaririshwa jina la Mjerumani Hans Meyer mpaka likachosha, huyu wa pili alikuwa anatajwa kama kivuli. Ndio wa kwanza kuandikwa kwamba walifika kilele cha Kibo, juu ya Kilimanjaro, pamoja, tarehe 6 Oktoba 1889, siku ambayo Purtscheller alitimiza miaka 40. Meyer akakiita kilele hicho kwa jina la Kaisari wake, nasi tukakiita Uhuru mwaka 1961. Mtu alitoka kwenye milima hii akaja kwenye mlima wetu, wakapokelewa na Mangi Marealle, chifu wa Marangu, wakaandikwa vitabuni. Mimi nimetoka kwenye mlima ule nimekuja kwenye milima hii, na nimejificha kama mwizi wa kuku.

Baada ya Innsbruck reli inapanda hadi Brenner, mita 1,370, kisha upande wa pili ni Italia, ingawa watu wanaendelea kuongea Kijerumani. Eneo hilo lilikuwa la Austria, likapewa Italia kwa mkataba wa 1919. Mwaka huohuo, kwa mkataba mwingine, Ujerumani ilinyang'anywa Tanganyika. Wao waliamka Waitaliano na sisi tukaamka chini ya Mwingereza. Binti yangu, miaka kumi, alivyoona kila kibao kina majina mawili au matatu aliuliza mlima una jina lipi la kweli. Baba yake akamjibu, "Lile la aliyezaliwa chini yake." Ni jibu zuri, japo nadhani alitaka tu aachwe alale.

(Kuhusu askari waliopanda treni tukirudi, wakapita mabehewa yote na kuanza na sisi, nitaandika siku nyingine. Leo sina nguvu.)

## Kilo nane

Kabla hujagusa theluji unapita dukani kukodisha. Kijana wa dukani anakuuliza urefu, uzito, umri, na kama umewahi kuteleza. Si umbea. Kwa majibu hayo anakaza vile vibano vinavyoshika kiatu kwenye skii, ili ukianguka viachie kabla goti halijakatika. Mimi ni muuguzi. Kila Januari wodini tunapokea magoti ya namna hiyo, kwa hiyo nilielewa vizuri kabisa ninachoulizwa na kwa nini.

Nyuma yangu kulikuwa na foleni, na Baba Watoto.

Nikapunguza kilo nane.

Halafu zikaja hesabu. Mimi huwa siwezi kuona bei ya Ulaya bila kuigeuza kuwa mabati, kwa sababu paa la jiko la Mama linavuja na nimeahidi kulimaliza tangu mwaka juzi. Tiketi ya siku moja ya mtu mzima kwenye miteremko ya huko inapita euro 70. Hiyo ni karibu laki mbili za kwetu, bati sita hivi. Bima ya kumlipa utakayemgonga ni lazima kwa sheria ya Italia: robo bati. Helmeti, ambayo tangu Novemba 2025 ni lazima kwa kila mtu, si watoto peke yao: nusu bati. Chokoleti ya moto ya watu wanne: zaidi ya bati zima, na mtoto akaimwaga.

Mpaka tunapanda kibanda cha kebo, kile kinachoning'inia kwenye waya, kwenda juu, nilikuwa nimevaa upande mzima wa paa.

Kebo inachukua kama robo saa. Chini kulikuwa na majani makavu ya kahawia, juu kweupe. Kituo cha juu kiko zaidi kidogo ya mita 1,800, nami nikacheka peke yangu, kwa sababu huo ni karibu sawa na urefu wa lango la Marangu. Kwetu kwenye mita hizo migomba inaishia na msitu unaanza. Huku mtu anashuka na skii na anateleza mpaka mlangoni pa hoteli.

Na hapo ndipo nilipokumbuka wapagazi. Serikali ilipotangaza mwaka 2019 kwamba inafikiria kuweka kebo Kilimanjaro, wapagazi walipinga, na nilikuwa upande wao kwa maneno makali, kwenye blogu hiihii. Sasa nimekaa kwenye kebo, miguu haigusi chini, nimeshika begi langu mwenyewe na linaniona.

## Pizza na chipsi

Watoto waliingia darasani. Mwalimu alikuwa kijana anayeongea Kijerumani na watoto, Kiitaliano na mwenzake, na ilipoita simu ya mama yake akaingia kwenye Kiladini, lugha ya mabonde ya pale. Hata hakusogea pembeni. Aliigeuza simu ili mama yake aone watoto, akacheka, akaendelea na kazi.

Niliiona hiyo nusu saa baada ya kibanda cha vifaa. Niliangalia pembeni.

Wanaoanza hufundishwa vyakula viwili. Mwalimu akipiga kelele "Pizza!", unakutanisha ncha za mbele za skii na kupanua visigino, zinakuwa kama kipande cha pizza, nawe unapunguza mwendo. Akisema "Pommes!", yaani chipsi, unazinyoosha sambamba na unaondoka. Kitindamimba wangu alikuwa mtu wa chipsi tupu. Alishuka kile kilima kidogo kama jiwe la kombeo, akaingia kwenye wavu, akaamka anacheka, akapanda mkanda unaotembea, akarudia. Binti yangu alikuwa pizza muda wote, uso umekunjwa, anashuka kwa adabu kama anapeleka chai kwa wageni.

Binti aliporudi akaokota bonge la theluji, akauliza swali la Kiswahili. "Hii ni theluji au barafu?"

"Yote ni baridi," akasema Baba Watoto, ambaye alikuwa amekataa kuvaa skii na alilipwa na ukoo wa Tanga kusema hivyo.

Kumbe alisema alichosema mtu mwingine zamani. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliona kitu cheupe juu ya Kilimanjaro, akamuuliza kiongozi wake wa njia ni nini kile. Akajibiwa: baridi. Basi. Rebmann alipoandika Ulaya kwamba kuna theluji karibu na Ikweta, mabingwa wa jiografia wa London walimcheka, wakasema macho yamemdanganya. Rebmann alizaliwa Gerlingen, mwendo wa treni fupi kutoka ninapokaa. Huwa nampita mawazoni nikienda zamu ya usiku. Na lile jibu nalipenda kuliko kamusi, kwa sababu maneno yetu yote mawili yamekuja na jahazi: theluji ni ya Waarabu, na barafu inafanana na neno la Waajemi ambalo kwao ndilo theluji yenyewe. Aliyekuwa anauona mlima kila siku hakuhitaji jina la kile kitu. Alitaja kinachokufanya.

Siku ya tatu nikajaribu mimi.

Viatu vya skii ni kama umefungwa plasta ngumu miguu yote miwili na wewe mwenyewe ndiye uliyemlipa daktari. Nilishuka mita kumi, pizza safi, nikajisikia. Mita ya kumi na moja skii ya kulia ikachomoka yenyewe, ikashuka peke yake kama inawahi basi, nami nikakaa chini. Nikaivaa. Ikachomoka tena. Mara ya tatu yule kijana mwalimu akaja akanionyesha namna ya kuinuka. Unaweka skii zikate mteremko, zisitazame bondeni, la sivyo ukisimama tu zinaondoka nawe. Akatazama kibano, akakigonga kwa ncha ya mkongojo wake.

"Hiki kimelegea mno kwako. Uliwaambia una kilo ngapi?"

Baba Watoto alikuwa amesimama pale na simu, anarekodi.

## Jumatatu darasani

Ningeweza kusahau yote haya. Safari iliisha, tukarudi, viatu vikakauka, nikarudi wodini kupokea magoti ya wenzangu.

Wiki ya pili ya Januari nilikwenda kumchukua kitindamimba shuleni. Mwalimu wake, mama mpole sana, akanivuta pembeni. Jumatatu asubuhi watoto hukaa duara, kila mmoja anasimulia alikokwenda likizo. Akasema kwa upole ule wa mtu anayehisi unyonge wa mwenzake kwamba kama familia inapata ugumu, shule ina mfuko wa kusaidia watoto kwenda safari.

Sikuelewa. Nikauliza mwanangu alisema nini.

Alisema, "Tulikuwa nyumbani."

Wenzake kumi na wangapi sijui walisimulia skii, helmeti, chokoleti ya moto. Yeye, mtoto wa chipsi tupu aliyevunja wavu mara saba, alikaa kimya akashika maagizo.

Njiani nikamuuliza kwa nini. Akanijibu kama anamkumbusha mtu aliyesahau funguo: "Si wewe ulisema?"

Hapo ndipo mwiba ulipoingia. Nilidhani nimemficha Mama jambo dogo kwa kumhurumia. Nilikuwa nimempa mtoto sheria, na mtoto hajui sheria ina mipaka wapi. Alichojifunza pale ukutani ni kwamba raha yetu ni kitu cha aibu, mtu mweupe wala mweusi asiijue.

Nami najiuliza, je, si kweli kwamba niliona aibu? Sikuogopa Mama atakasirika. Mama yangu hakasiriki kwa fedha. Niliogopa kuonekana mtu ambaye ana cha kuchezea. Sisi tulioko huku tuna sura moja tu inayokubalika nyumbani: mchapakazi, mchovu, anayetuma. Ukionekana unacheka kwenye theluji, sura hiyo inachanika, na wewe mwenyewe ndiye wa kwanza kuiokota na kuishona. Hakuna aliyenidai paa. Nilijidai mwenyewe, nikajishtaki, nikajificha, halafu nikamtuma mtoto wa miaka sita akawe shahidi wangu.

Ningekuwa Marangu ningekata jani la isale, nikaenda nalo mkononi. Ukiletewa isale huna ujanja, unasamehe. WhatsApp ina vikaragosi vya kila namna, isale haina.

## Jumapili baada ya ibada

Nilipiga Jumapili iliyopita, nikijua ametoka kanisani na ameshakula. Nikamweleza kila kitu kuanzia mfanyakazi mwenzake Baba Watoto hadi kilo nane.

Kimya. Nikasikia kuku.

"Nilijua hampo nyumbani," akasema. "Kwenu ukutani kuna kalenda ya usharika niliyowatumia. Pale palikuwa mbao tupu."

"Samahani, Mama."

"Nikaona mtoto amefungwa kichwa. Halafu ukakata. Halafu jioni hukupiga. Nikasema mtoto ameanguka, wako hospitali, wananificha. Jumuiya yetu imemwombea mjukuu wangu wiki tano."

Sikuwa na la kusema. Tulikuwa tumeongea mara nne au tano katikati hapo, na kila mara aliuliza, "Na mdogo hajambo?", nami nilijibu hajambo na kuendelea kupika. Sikusikia lile swali lilivyokuwa linaulizwa.

"Na paa?" nikauliza, kama mjinga.

"Paa limevuja tangu baba yako yuko hai. Limekuomba wewe?" Akanyamaza kidogo. "Ila mabati niletee."

Kisha akauliza kitu ambacho sikukitegemea. "Hiyo theluji, mliionja?"

Nikasema hapana. Labda watoto.

"Sisi tuliionja."

Babu yangu mzaa mama alikuwa mpagazi. Hilo nililijua kama mtu anavyojua kabila lake, bila kuuliza. Alibeba mizigo ya wageni mpaka chini ya Kibo miaka mingi, kabla hakuna mtu wa kupima kilo langoni. Theluji kwake ilikuwa kazi, na akirudi hakuizungumzia. Lakini safari moja, Mama akiwa mdogo kama mwanangu, alikuwa amewasumbua wazee kwa kuuliza kile kitu cheupe kikoje. Wakati huo, anasema, Kibo kilikuwa cheupe kweli, si viraka hivi vya siku hizi, na hatii chumvi: tangu 1912 barafu ya juu kule imepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Babu akaishindilia ndani ya chupa ya chai ya mgeni mmoja, akafunga kizibo, akaiweka juu ya mzigo, akashuka nayo siku mbili.

"Ikafika maji," akasema Mama. "Bibi yako akatugawia kwa kijiko, mmoja mmoja, kama dawa. Ilikuwa na ladha ya majani ya chai."

"Hukuwahi kuniambia."

"Na wewe hukuniambia."

Akacheka, kile kicheko chake cha puani, akakohoa, akawafukuza kuku.

"Haya, nipe mjukuu wangu."

Nikamwita. Akaja na penseli mkononi, akapanda kwenye kiti, akaishika simu kwa mikono miwili. Nyuma yake kalenda ya usharika ilikuwa bado kwenye Januari.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Hebu niambie, siku ile umevaa kile kitu kichwani, mlikuwa wapi?"

Akanitazama mimi kwanza.